Niambieni mzigo unashushiwa wapi

Wiki ile mji wa Goma, mashariki ya Kongo, ulipoanguka mikononi mwa waasi wa M23, mwishoni mwa Januari 2025, nilikuwa nimekaa kwenye benchi la mama ntilie ninapokunywa chai kila asubuhi hapa Chunya mjini. Simu zilikuwa zinazunguka mkono kwa mkono: watu wanakimbia na magodoro kichwani, askari wamekaa chini bila kofia, na kila picha na maneno yake. Kijana mmoja wa kwenye karasha la kusagia mawe ya dhahabu akaniinamia.

"Shikamoo mzee. Wewe ulikuwepo vita ya Amin. Hebu tuambie, hawa wetu walioko Kongo wanashinda au wanapigwa?"

"Marahaba. Mzigo wanashushia wapi?"

Wakacheka wote. Wanajua mzee huyu hamalizi dakika tano bila kuingiza malori kwenye mazungumzo. Lakini sikuwa natania, na kwa kuwa chai iliisha kabla sijajieleza, naandika.

Mwaka 1978 nilikuwa na miaka 17, taniboi kwenye Bedford ya mjomba wangu. Tulikuwa tukibeba tumbaku kutoka Lupatingatinga na vijiji vya Kipembawe kwenda Mbeya, na kurudi na saruji, chumvi, mabati na abiria wa juu ya mzigo. Barabara haikuwa hii ya lami ambayo mtu anashuka Mbeya asubuhi na kurudi kula mchana kwake. Ukifika kule juu Kawetire ukungu unameza taa zote mbili, na taniboi kazi yake ni kushuka na kutembea nyuma ya gari na gogo begani, tayari kulitia kwenye tairi gari likianza kurudi lilikotoka.

Novemba 2 mwaka ule tulikuwa tumepasukiwa tairi Makongolosi. Redio ya mwenye duka ilikuwa inapiga kelele, halafu ghafla watu wote wakanyamaza, maana ilikuwa sauti ya Mwalimu Nyerere. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalikuwa yameshavuka mpaka, na Amin ametangaza kwamba ardhi yote hadi Mto Kagera sasa ni ya Uganda. Mwalimu akasema tuna kazi moja tu, kumpiga. Uwezo, sababu, nia: hata mtoto wa darasa la pili hapa anayajua maneno yale matatu, ingawa hajui mto wenyewe uko wapi.

Siku chache baadaye magari yakaanza kutakiwa. Mikoa yote iliagizwa kutoa ilichonacho, na Bedford ikaingia kwenye orodha. Mjomba angeweza kukabidhi ufunguo na kubaki nyumbani. Akakataa. Alisema gari lile gia ya pili inaruka, na asiyelijua atalitia korongoni kabla hajafika Dodoma. Akaenda nalo mwenyewe. Nililia nataka kumfuata, akaniambia mama yangu, dada yake, angemla nyama.

Alikuwa na daftari. Dereva wa mzigo bila daftari ni mtu anayeibiwa, na mjomba aliamini kwamba vita vikiisha atalipwa kwa tani na kwa umbali. Kwa hiyo kila safari aliandika tarehe, mzigo gani, umepakiwa wapi, umeshushiwa wapi. Malipo hayakuja. Alikwenda ofisi moja mara tatu, akaambiwa faili linatafutwa, mara ya nne hakwenda. Daftari likabaki, na ndilo lililonifundisha namna ya kuangalia vita. Sijaona mwalimu mwingine aliyelizidi.

Kurasa za kwanza zote zinasema Bukoba. Unga, Bukoba. Maharage, Bukoba. Masanduku, Bukoba; hakuandika masanduku ya nini. Kisha Kyaka, na pembeni kaandika "ng'ambo hii", kwa sababu adui alikuwa amelivunja daraja na mzigo ulikuwa unashushwa ukingoni. Mwishoni mwa Januari 1979 inaingia Mutukula, mpakani kabisa. Mwisho wa Februari, Masaka. Machi kuna Lukaya, limeandikwa, likakatwa, likaandikwa tena. Aprili, Kampala.

Sasa jiweke Novemba 1978 na ujaribu kupima. Kwa macho ya mwezi ule tulikuwa tunashindwa vibaya. Raia wa Kagera waliouawa wanakadiriwa kufika 1,500. Ng'ombe walikuwa wameswagwa kwa maelfu, kiwanda cha sukari kimeporwa na kuharibiwa, daraja liko mtoni. Walinzi wetu wenyewe wa anga walitungua ndege zetu tatu za MiG huko Kanda ya Ziwa kwa kudhani ni za adui. Umoja wa Nchi Huru za Afrika haukutaka hata kumlaani mvamizi. Mtu angekwambia wakati huo kwamba tunashinda, ungemwona mlevi. Lakini daftari la mjomba linasema jambo jingine: kila wiki mzigo uliokuwa unafika Bukoba ulizidi ule wa wiki iliyopita. Mtu anayekimbia hajazi ghala.

Lukaya ndiyo iliyokatwa na kuandikwa tena. Usiku wa Machi 10 brigedi yetu ya 201, ambayo wengi wake walikuwa mgambo, ilikutana na jeshi la Amin likiwa na askari wa Libya waliotumwa na Gaddafi, ikatawanyika. Mjomba aliambiwa ageuze gari na mzigo wake. Kesho yake brigedi ya 208 ikatokea upande wa barabara ya Kampala, na mambo yakageuka; akaambiwa ageuze tena. Kila nikisikia mtu anatangaza ushindi au maangamizi kwa habari ya usiku mmoja, namkumbuka mjomba anavyozungusha usukani wa Bedford gizani, mara huku, mara kule, na unga uleule mgongoni.

Na redio? Redio ilikuwa na kazi yake. Katika miezi ile ilisema zaidi kwamba wanaoteka miji ya Uganda ni Waganda wenyewe waliokimbia utawala wa Amin. Walikuwepo kweli, na walipigana. Ila mjomba alikuwa akishusha unga Masaka kwa vijana wanaozungumza Kisukuma, Kihehe na Kinyakyusa. Sina kinyongo na hilo. Mwalimu alikuwa na sababu zake mbele ya mataifa, na vita visivyo na siri havijawahi kupiganwa. Nasema tu kwamba matangazo hayawezi kuwa kipimo, hata yanapotoka kwa mtu unayempenda.

Aprili 11, 1979 Kampala ikawa mikononi mwa majeshi yetu na wenzao wa Uganda. Mbeya watu walijaa barabarani, na mimi nikiwemo, nimepanda juu ya paa la gari la mtu nisiyemjua. Juni 3 wakafika mpaka wa Sudan, na hapo ndipo vita vinahesabiwa kuwa vimeisha. Wanajeshi wetu waliopoteza maisha wanatajwa kuwa 373, na kati yao waliokufa kwenye mapigano ni 96 tu. Wengine walichukuliwa na ajali na mambo mengine. Wageni wanaosoma takwimu hizo hushangaa. Mjomba hakushangaa. Alikuwa amewaona wenzake wakilala mabondeni na malori yao.

Hapa ndipo daftari linapoanza kuwa gumu kusoma, na siyo kwa sababu ya mwandiko. Baada ya Juni mzigo hausogei. Kampala, unga. Kampala, dizeli. Jinja, unga. Kampala, unga. Amin kashaondoka nchini, vita vimekwisha, lakini lori halirudi nyumbani. Yusuf Lule aliapishwa akadumu siku 68. Akaja Godfrey Binaisa, naye akaondolewa Mei 1980. Paulo Muwanga akashika. Desemba kukawa na uchaguzi uliomrudisha Obote madarakani, na Februari 1981 Museveni akaingia msituni na bunduki. Sehemu ya jeshi letu ilikuwa bado iko huko mpaka mwaka huo. Mjomba mwenyewe alirudi katikati ya 1980, kwa basi. Bedford aliiacha Masaka, injini imekufa.

Kwa hiyo kijana wa karasha akiniuliza vita vya Amin tulishinda au la, nitamuuliza: vita vipi, na vya tarehe gani? Kazi ya Novemba 1978 ilikuwa kumtoa mvamizi. Hiyo ilimalizika Januari 1979, na kumalizika vizuri. Kisha kazi ikaongezeka: kumwondoa kabisa. Ikamalizika Aprili, kwa haraka ambayo wakubwa wa dunia hawakuitegemea. Ya tatu hakuna aliyeitamka kwenye redio wala Makongolosi hatukuisikia: kuiacha Uganda ikiwa na serikali inayosimama kwa miguu yake. Hiyo ilitushinda, na Waganda waliilipia kwa damu miaka mitano mingine, hadi Januari 1986. Nchi ileile, jeshi lilelile, na majibu matatu.

Na bili ilikuja hapa. Gharama ya vita hutajwa kuwa kama dola milioni 500 za wakati ule, kwa nchi ambayo ilikuwa imetoka kuvunjikiwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977 na ambayo bei ya mafuta ilikuwa inapanda kila kukicha. Mwalimu alituomba tufunge mkanda miezi 18. Mama yangu, ambaye hakujua kusoma lakini kuhesabu alijua, alikuwa akikata sabuni ya mche vipande kwa uzi ili kila mmoja apate chake, na alikuwa akihesabu miezi kwa mbegu za mahindi ndani ya kopo. Mbegu zilifika 18. Zikapita. Akaacha kuhesabu zilipozidi 40. Mwaka 1983, Waziri Mkuu Sokoine alipotangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi na watu wakaanza kutupa vitenge mitoni usiku, sisi hapa bado tulikuwa tunapanga foleni ya sukari. Sisemi yote hayo yaliletwa na vita. Kulikuwa na mengine mengi, na baadhi tulijiletea wenyewe. Lakini anayepima vita kwa ramani peke yake, bila kuuliza jikoni kwa mama yangu, amepima nusu.

Jirani zetu wa Iringa wana somo la zamani zaidi. Agosti 1891 Wahehe waliwafyeka Wajerumani pale Lugalo, kamanda wao Zelewski akafa. Oktoba 1894 Wajerumani wakarudi na mizinga, wakaivunja ngome ya Kalenga. Kwenye taarifa ya Dar es Salaam hiyo ilikuwa ni kumaliza kazi: makao makuu yametekwa. Lakini Mkwawa, mtawala wa Wahehe, hakuwemo. Ikawachukua karibu miaka minne mingine ya kuhangaika misituni, hadi Julai 1898 alipojiua ili asikamatwe. Kalenga imeanguka, Kampala imeanguka. Sikia vizuri neno hilo, kuanguka, maana mara nyingi ni hapo ambapo safari ndefu inaanza. Wamarekani nao kule Vietnam walihesabu maiti za adui kila jioni, hesabu ikawa inapanda miaka yote, na Aprili 1975 Saigon ikachukuliwa na haohao waliohesabiwa.

Vijana wa hapa wanalijua jambo hili kuliko wanavyodhani. Hapa Chunya tunaishi kwa maduara, mashimo ya dhahabu. Mtu anachimba kwa pesa ya mwingine, na mwenye pesa yuko Mbeya au Dar. Kila Jumamosi anapiga simu: "Vipi huko?" Na kila Jumamosi anajibiwa: "Bosi, tumekaribia sana, mwamba umeanza kubadilika rangi." Mwenye pesa mjinga anauliza wameshuka mita ngapi. Watamwambia sitini, naye atafurahi. Mwenye akili anauliza mawe ya wiki hii yametoa gramu ngapi, na mlipoanza mliniambia tutaukuta mwamba kwenye mita ngapi? Akisikia kwamba waliahidi mita thelathini, sasa wako sitini, na siku hizi hawazungumzii dhahabu tena ila ubora wa magogo waliyoshindilia kuta, anajua pesa yake ilikwisha zamani, amechelewa tu kuambiwa.

Turudi Goma. Machi 2013 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliidhinisha kikosi maalumu cha kushambulia waasi mashariki ya Kongo, watu 3,069, kutoka nchi tatu: Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Kamanda wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Novemba 2013 waasi wa M23 wakasalimu amri. Tulijivuna, na tulikuwa na haki ya kujivuna. Ungeniuliza siku ile ningesema tumeshinda bila kutia chumvi.

Kisha, Desemba 7, 2017, kule Semuliki karibu na Beni, kundi jingine, ADF, likaivamia kambi na walinda amani wetu wasiopungua 14 wakauawa usiku mmoja. Mwishoni mwa 2021 M23 wakarudi. Desemba 2023 SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ikapeleka kikosi, na nchi ni zilezile tatu. Aprili 2024 kombora likaangukia karibu na kambi, Watanzania watatu wakafariki. Mapigano yalikuwa Sake, kilomita kama 25 kutoka Goma. Mwaka mzima ulipita, na kila niliposikia vijana wetu wakitajwa walikuwa Sake. Mimi si mwanajeshi. Lakini nikasema moyoni, mzigo hausogei. Januari 2025 ukasogea, kwa kurudi nyuma. Jeshi letu likatangaza wengine wawili waliofariki. Machi 13 wakuu wa SADC wakafunga shughuli, na msafara wa kurudi ukapitia Rwanda, nchi ambayo wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanasema inawaunga mkono M23, na ambayo yenyewe inakana.

Sitaki kuwalaumu vijana waliokwenda. Askari hupewa kazi, haichagui, na waliokufa kule walikufa wakiwa mahali walipoambiwa wasimame. Lawama yangu iko juu zaidi, na haihusu hata kushindwa. Ni kwamba mwaka 1978, kwa shida zote zile na redio yenye siri zake, mtu wa Makongolosi mwenye tairi lililopasuka aliweza kukwambia kazi ni nini. Muulize leo yeyote pale kwa mama ntilie vijana wetu walikwenda Kongo kufanya nini, na tungejuaje kwamba wamemaliza. Nimejaribu. Mmoja alisema kulinda raia, wa pili akasema kuwapiga M23, wa tatu akasema madini, wa nne akasema ni posho. Huyo kijana aliyeniuliza kama tunashinda hakuwa hata na kitu cha kulinganisha.

Najua jibu litakalokuja: siri za jeshi. Hapana. Sitaki kujua mizinga iko wapi wala kikosi kina watu wangapi. Amin mwenyewe aliijua kazi yetu, maana aliisikia redioni kama sisi, na haikumsaidia kitu. Ninachoomba ni kwamba safari nyingine waziri asimame Dodoma bungeni, kabla ndege haijaruka, aseme kwa Kiswahili cha kawaida: tunakwenda kufanya hiki, tunatazamia kukimaliza kwa muda huu, na mkiona hiki na hiki mjue tumekwama. Kisha kila baada ya miezi sita arudi pale pale na karatasi ile ile. Ikibidi kazi ibadilike, na katika vita hubadilika, aseme imebadilika, na kwa nini. Mbunge wetu amuulize. Asipomuuliza, tumuulize yeye siku akija kuomba kura Lupatingatinga.

Daftari la mjomba liko kwa binamu yangu, mchwa wamekula jalada. Nimemwahidi yule kijana wa karasha kwamba nitalileta kwenye benchi aone mwenyewe. Nimeshamwonya kwamba kurasa za mwisho hazina hadithi. Ni Kampala, unga. Kampala, unga. Halafu chini kabisa, kwa kalamu ya rangi nyingine, Masaka, na upande wa mzigo hakuandika kitu.